Uzi: Kama samaki anasikia maumivu, mbona anarudi kwenye ndoana ileile?

#1 MshipiMrefu
Wakuu salaam. Nimeshika mshipi zaidi ya miaka ishirini, na leo alfajiri nimeona kitu ambacho sijaacha kukifikiria tangu hapo. Nimevuta samaki, nikampanua mdomo nimtoe ndoana, nikakuta ndoana mbili. Ya pili ni yangu mwenyewe. Niliifunga kwa mkono wangu wiki iliyopita, mshipi ukakatika akaondoka nayo. Fundo langu nalijua hata gizani. Nyama iliyoizunguka imevimba na imebadilika rangi. Yaani samaki huyu amekaa na chuma mdomoni siku nane, halafu amekuja kumeza chambo cha aina ileile, mahali palepale.

Hoja yangu ni hii. Mimi nikiungua na sufuria, kesho yake naishika kwa kitambaa. Mwenye jino bovu hatafunii upande ule. Samaki angekuwa anaumia kama sisi, asingerudi. Nasema samaki hasikii maumivu, mwili wake unaruka tu. Anayepinga alete hoja.

#2 Kambare_Mkaidi
Umemaliza, mkuu. Isitoshe kumbukumbu yake ni sekunde tatu. Akishageuka, kashasahau.

#3 TangiLaKioo
Hiyo ya sekunde tatu naomba tuizike leo, kaka. Nafuga samaki wa dhahabu kwenye tangi la kioo mwaka wa tisa huu. Nikiingia chumbani wanakusanyika upande ninaowalishia. Akiingia mgeni hawasogei. Huyo wa sekunde tatu angenijuaje?

Na si tangini kwangu tu. Mtafiti Culum Brown wa Australia aliwafundisha samaki-upinde wadogo kutoroka wavu kupitia tundu moja. Akawaacha miezi 11 bila kuwajaribu. Alipourudisha wavu, walilikumbuka tundu.

#4 NesiWaZamu
MshipiMrefu, mfano wako wa jino haujanitosha. Nimefanya kazi ya wagonjwa wa dharura miaka mingi. Nimepokea mtu aliyetembea kwa mguu uliovunjika kwa sababu alikuwa anamtafuta mtoto wake, na alipomwona ndipo akaanguka na kupiga kelele. Vita Kuu ya Pili, daktari Henry Beecher aliona askari wenye majeraha makubwa ambao wengi wao hawakuomba mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, kabisa. Mwili ukiwa na jambo zito zaidi, maumivu yanasubiri.

Samaki mwenye njaa ya siku nane ana jambo zito zaidi. Kurudi kwake kunaonyesha njaa, hakuonyeshi kwamba haumii.

#5 MwalimuBayo
Salaam wote. Kabla hatujafika mbali, niweke jaribio ambalo mjadala huu wote duniani unalizunguka. Mwaka 2003, Lynne Sneddon, Victoria Braithwaite na Michael Gentle, wakiwa Uskoti, walichukua samaki aitwaye trauti. Wakawagawa makundi. Kundi moja lilichomwa sumu ya nyuki mdomoni, jingine asidi ya siki, jingine maji ya chumvi yasiyo na madhara, na jingine walishikwa tu bila kuchomwa.

Waliochomwa sumu na asidi walianza kuyumba kushoto na kulia wakiwa wamekaa chini. Wa asidi wakawa wanasugua midomo kwenye changarawe na kwenye kuta za tangi. Pumzi zikaenda mbio. Makundi mawili ya mwisho yalirudi kula baada ya kama dakika 80. Waliochomwa walikaa karibu saa tatu bila kugusa chakula.

Kabla ya hapo walikuwa wamepima neva za kichwa cha trauti. Katika vipokezi 58 walivyovichunguza, 22 vilikuwa vya kupokea madhara: kubanwa sana, joto kali, kemikali. Kwa hiyo mitambo ipo, hilo halina ubishi tena. Ubishi ni kama kuna mtu nyumbani anayeipokea simu.

#6 Kambare_Mkaidi
Mwalimu, ukimtia mtu siki kwenye kidonda lazima ajisugue. Lakini kujisugua kunaweza kuwa muwasho. Nani kasema ni maumivu?
Halafu MshipiMrefu hujatuambia, huyo samaki ulimfanyaje?

#7 BintiLugha
Samahani naingia kwa mlango wa lugha, ila naona ndipo tunapojikwaa. Kiswahili tunasema *kusikia* maumivu. Neno hilohilo tunalitumia kwa sauti, kwa njaa, kwa harufu, kwa baridi. Kwa hiyo mmoja akisema "samaki anasikia maumivu" anaweza kuwa na maana kwamba habari ya jeraha imefika mwilini, na mwingine akaelewa kwamba samaki anateseka. Mnabishana, kumbe kila mtu ana neno lake.

Mimi ningetenganisha matatu. *Kuumia*, yaani kupata jeraha: hata kikombe cha udongo hakiumii, lakini jani la mti unaweza kusema limeumia. *Kuhisi*, yaani jeraha kupokelewa na mwili ukajibu. Na *kuteseka*, yaani kuwepo anayeona vibaya. MshipiMrefu anakataa la tatu, Mwalimu anathibitisha la pili.

#8 MshipiMrefu
BintiLugha ahsante, hapo umenisaidia. Ndiyo, nakataa la tatu. Kuumia kwa maana ya jeraha siwezi kukataa, nimeliona kwa macho yangu.

NesiWaZamu, umenigusa. Ila yule mtu wako alianguka baadaye na kulia. Samaki halii.

#9 UbongoTu
Nimesoma kwa utulivu, sasa niseme. MshipiMrefu yuko sahihi ingawa sababu aliyotoa si yenyewe. Maumivu kwa binadamu yanahitaji gamba la nje la ubongo, lile lenye tabaka sita. Samaki hana. James Rose wa Chuo Kikuu cha Wyoming aliandika hivyo mwaka 2002, akarudi na wenzake mwaka 2014. Brian Key wa Queensland naye mwaka 2016 akaandika wazi kwamba samaki hasikii maumivu, kwa sababu sehemu zinazobeba kazi hiyo kwetu kwake hazipo.

Binadamu anaweza kuwa na neva nzima kabisa mguuni, lakini akiwa ndani ya nusukaputi, mguu ukikatwa hana habari. Neva zinafanya kazi. Anayekosekana ni mpokeaji. Samaki yuko katika hali hiyo siku zote za maisha yake. Hilo halimfanyi kuwa kitu duni. Ni mnyama aliyejengwa kwa namna nyingine, na mimi namheshimu hivyohivyo alivyo.

#10 MwalimuBayo
UbongoTu, nakuheshimu, lakini sheria hiyo ukiipeleka kwa ndege inavunjika. Ndege naye hana gamba la tabaka sita. Ubongo wake umepangwa kwa vifungu. Pamoja na hayo kunguru anatengeneza zana, na sijamsikia mtu anayesema kuku aliyevunjika mguu haumii. Maumbile yanaweza kufika mahali pamoja kwa njia mbili. Jicho la pweza halikutokana na jicho letu, na linaona.

#11 UbongoTu
Lakini jicho la pweza unaweza kulipima kama linaona. Maumivu ya samaki utayapimaje bila kuyadhania kwanza?

#12 DktMifugo
Swali zuri sana hilo. Mimi ni daktari wa wanyama, na samaki nimewatibu. Tunapomfanyia upasuaji tunamweka kwenye maji yenye dawa ya usingizi, mara nyingi ile iitwayo trikaini, huku maji yakipitishwa kwenye mashavu yake muda wote. Swali ambalo mwanafunzi huniuliza kila mara: je, baada ya hapo tumpe na ya kutuliza maumivu? Mimi nampa. Samaki ana vipokezi vya dawa za jamii ya mofini, na mwili wake unatengeneza vituliza-maumivu vyake wenyewe, kama wetu. Najiuliza, mwili usio na maumivu unatengeneza kituliza-maumivu cha kazi gani?

Kupima kunawezekana, UbongoTu, angalau kwa kuzungukia. Timu ya Sneddon ilimshushia trauti mnara wa rangi uliojengwa kwa Lego, kitu asichowahi kukiona. Trauti mzima hukikwepa kitu kigeni. Aliyechomwa asidi hakukikwepa, ni kama akili ilikuwa imejaa jambo jingine. Akipewa mofini, anarudi kukwepa. Refleksi tu, yaani mwili kuruka wenyewe bila akili, haijazi akili namna hiyo.

#13 UbongoTu
Dokta, vituliza-maumivu hivyo vina kazi nyingine nyingi: kula, msongo, kupumua. Kuwepo kwake hakuthibitishi. Halafu hujagusa suala la nyuzi za C. Kwa mamalia ni nusu au zaidi ya nyuzi za neva ya kawaida. Kwa trauti ni kama asilimia 4 tu.

#14 Mdadisi77
Jamani sisi wengine hatukusoma sayansi. Nyuzi za C ni nini?

#15 NesiWaZamu
Mdadisi77, gonga kidole cha mguu kwenye kona ya kitanda. Kuna ule mchomo wa kwanza, wa haraka, unaokufanya uvute mguu kabla hujasema neno. Huo unabebwa na nyuzi nyembamba za neva zenye ala, yaani ganda la kuzizunguka, zinaitwa A-delta. Baada ya sekunde moja hivi ndiyo yanakuja yale mazito, yanayoungua na kupwita, unakaa chini unashika kidole. Hayo huletwa na nyuzi za C, hazina ala, habari inatembea polepole. Yale ya pili ndiyo mgonjwa anayalilia usiku.

UbongoTu anachosema ni kwamba samaki ana mchomo wa kwanza kwa wingi, na yale ya pili kidogo sana. Ni hoja ya kweli, tusiipuuze.

#16 Mdadisi77
Ahsante dada, nimeelewa. Kumbe hata mimi nina maumivu ya aina mbili na sikujua.

#17 PapaMweupe
Mmesahau papa. Papa na taa, yule samaki bapa mwenye mwiba, nyuzi za C hazionekani kabisa au ni chache mno. Papa-nyundo hula taa, na wamekutwa na miiba ya taa makumi imejichimbia kwenye taya na koo, na bado wanawinda. Mwiba wa taa kwa binadamu ni balaa, waliochomwa wanajua. Kwa hiyo tukiuliza "samaki" tunauliza nani? Papa na trauti wako mbali kuliko trauti na sisi.

#18 DktMifugo
PapaMweupe umesema jambo kubwa. Aina za samaki zinazojulikana ni zaidi ya 30,000. Majaribio mengi tunayoyataja yamefanywa kwa trauti, samaki wa dhahabu na samaki-pundamilia. Mimi nikisema "samaki anaumia" nazungumzia wenye mifupa. Kwa papa nafunga mdomo.

#19 TangiLaKioo
Nilete kisa. Mwaka juzi hita ya tangi iliharibika, samaki wangu mmoja akaungua ubavuni, magamba yakatoka sehemu ya ukubwa wa kucha. Siku ya kwanza aliruka-ruka. Hilo sawa, mwili. Siku ya pili, ya tatu, ya nne alikaa pembeni chini, mapezi ameyabana, hali chakula. Wenzake wakimpita karibu na ubavu ule anageuka upande mwingine. Kila mfugaji anajua samaki aliyebana mapezi. Hatukufundishwa na kitabu.

Na kuna jaribio la samaki-pundamilia linalonikaa moyoni. Waliwapa vyumba viwili: kimoja kizuri chenye mimea na changarawe, kingine kitupu chenye mwanga mkali. Wote walipenda kizuri. Kisha wakawachoma asidi, na kwenye maji ya kile chumba kitupu wakatia dawa ya ganzi. Walioumizwa wakahamia chumba kibaya. Wasioumizwa hawakuhama.

#20 Kambare_Mkaidi
Hapo kwenye mofini ndipo mmeniacha hoi, samaki anakwenda mwenyewe kunywa mofini!

#21 TangiLaKioo
Si mofini, Kambare, ni lidokaini, dawa ya ganzi ileile ya daktari wa meno. Na hanywi, inapitia kwenye maji anamoogelea. Mofini ni kwenye lile la mnara la Dokta hapo #12. Soma taratibu ndugu yangu, unakimbia kama umeng'atwa.

#22 Kambare_Mkaidi
Nimekubali kosa. Sasa nijibuni hili. Nimemkata samaki mkunga kichwa, mwili ukaendelea kujinyonga dakika nyingi. Ukiugusa unaruka. Kichwa kiko huku. Nani alikuwa anaumia pale? Ndiyo maana nasema kurukaruka si kitu.

#23 DktMifugo
Hapo uko sahihi kabisa na nakuunga mkono. Ule ni uti wa mgongo unafanya kazi peke yake. Hata binadamu aliyekatika uti, ukimchoma unyayo mguu unaweza kujivuta na yeye hana habari. Kwa hiyo kuruka kwa samaki kwenye mshipi hakuthibitishi maumivu. Ila tafadhali igeuze pia: asiporuka hakuthibitishi kwamba haumii. Mwendo tuuweke pembeni, tuangalie anachochagua na anachofanya saa chache baadaye.

Mwaka 2009 Janicke Nordgreen na wenzake waliwapasha samaki wa dhahabu joto kidogokidogo hadi wajikunje. Wengine walikuwa wamepewa mofini, wengine maji ya chumvi. Wote walijikunja joto lilipofika kiwango kilekile. Ungeishia hapo ungesema mofini haina kazi. Lakini waliporudishwa tangini mwao, wa maji ya chumvi walionyesha tabia ya woga na tahadhari, wa mofini wakaogelea kama kawaida. Mwili ulijibu sawa, kilichobaki nyuma hakikuwa sawa.

#24 UbongoTu
Mofini inapunguza pia woga na inalegeza mwili. Huwezi kujua ilizima maumivu au ilizima tahadhari. Na nakumbusha kwamba jaribio la trauti lilirudiwa na watafiti wengine mwaka 2008 na hawakuona kule kuyumba wala kusugua. Sayansi ni kurudiwa.

#25 MwalimuBayo
Ni kweli, Newby na Stevens. Lakini mazingira hayakuwa sawa: dozi tofauti, na matangi yao yalikuwa madogo. Sneddon aliwajibu hivyo. Samaki asiye na changarawe atasugua wapi?

#26 UbongoTu
Na wao walimjibu pia. Tukianza hapo tutakesha.

#27 FalsafaKidogo
Nimekaa nikisoma tu. Kuna jambo linanitetemesha kila nikilikumbuka. Hadi miaka ya 1980, watoto wachanga katika hospitali za nchi tajiri walikuwa wakipasuliwa kwa dawa kidogo mno ya maumivu, au wakipewa ya kulegeza misuli tu. Sababu iliyotolewa: ubongo haujakomaa, kulia kwao ni refleksi. Hoja ilikuwa ileile ninayoisoma hapa #9. Watu wale walikuwa wasomi, na walikosea.

#28 NesiWaZamu
Nathibitisha. Mwaka 1987 Anand na Hickey walichapisha makala iliyokusanya ushahidi, na mambo yakabadilika. Walimu wangu wengine walikuwa wa kizazi cha zamani. Mmoja alitusimulia akilia, mtu mzima, kwamba aliwahi kumshika mtoto mikono.

Chama cha kimataifa cha watafiti wa maumivu kiliandika tafsiri ya maumivu mwaka 1979, kikaisahihisha 2020. Katika maelezo ya sasa kinasema wazi kwamba kushindwa kueleza hakuondoi uwezekano kwamba binadamu au mnyama anaumia. Hilo "samaki halii" la #8 ndilo lilinirudisha kwenye uzi huu.

#29 UbongoTu
FalsafaKidogo, mfano ni mzito na sitaucheza. Ila mtoto mchanga ana gamba la ubongo, changa lakini lipo. Samaki hana hata changa. Na kosa la upande mmoja halifanyi upande wa pili kuwa kweli.

#30 BintiLugha
"Samaki halii" nayo ni ya masikio yetu. Wapo samaki wengi wanaotoa sauti, kwa kutetemesha kibofu cha hewa au kukwaruza mwiba wa pezi. Hatusikii kwa sababu tuko juu ya maji na wao chini.

#31 PapaMweupe
Kambare wengi wakishikwa wanakoroma kabisa, mkononi unasikia mtetemo. Sisemi ni kilio.
Nje ya mada kidogo: samaki wengine wadogo wakijeruhiwa ngozi inatoa kemikali majini, na wenzao wanakimbia. Karl von Frisch aliligundua hilo mwaka 1938. Kumbe jeraha la mmoja ni habari ya kundi.

#32 Mdadisi77
Kwa hiyo anayeumia ni mmoja na wanaoogopa ni wote? Hiyo imenishangaza kuliko yote.

#33 MwalimuBayo
Sasa nirudi kwa mwenye uzi, maana swali lake la kwanza hatujalijibu vizuri. MshipiMrefu, J. J. Beukema wa Uholanzi aliliuliza swali lako mwaka 1970. Alivua kwenye mabwawa yenye samaki waliotiwa alama. Samaki wa jamii ya kapu (carp kwa Kiingereza), akishanaswa mara moja, ilikuwa vigumu kumnasa tena, na athari ilionekana hadi kama mwaka mzima. Yule mwindaji mwenye mdomo mrefu, paiki, alikuwa na kisa cha ajabu: akinaswa kwa chambo bandia cha chuma kinachozunguka, alikikwepa baadaye. Akinaswa kwa samaki hai, aliendelea kurudi.

Huyo wako alirudi kwenye chambo gani?

#34 MshipiMrefu
Chambo hai.

Mwalimu, umenikalisha chini. Nikiri jambo ambalo kila mvuvi analijua na mimi mwenyewe nimelisema mara mia: mahali papya samaki wanakula kila kitu, baada ya miezi miwili wanakuwa wajanja. Tunasema "wamesoma". Nimelisema hilo miaka yote bila kujiuliza wamesomea nini. Na chambo hai hakijifichi kwamba ni chakula. Akikwepa kila chakula halisi kwa sababu kimoja kilikuwa na ndoana, atakufa njaa. Kwa hiyo kurudi kwake huenda hakunipi jibu nililodhani.

#35 UbongoTu
Anajifunza, sawa. Lakini anaweza kuwa amejifunzia woga, au uchovu wa kupambana, au kukosa hewa nje ya maji. Hakuna kinacholazimisha yawe maumivu ya mdomo.

#36 FalsafaKidogo
Na kama ni woga na kukosa hewa, tumepona nini?

#37 TangiLaKioo
Hapo kwenye hewa. Mwaka 2025 ulitoka utafiti uliojaribu kukadiria trauti anayeachwa afe nje ya maji anapata dakika ngapi za maumivu ya kati hadi makali. Walifika wastani wa kama dakika 10, na kwa baadhi zaidi ya 20. Ukimzidisha na samaki wanaovuliwa kwa mwaka, ambao hukadiriwa kati ya trilioni 1 na zaidi ya trilioni 2, sijui hata nitaandikaje namba hiyo.

#38 UbongoTu
Makadirio hayo yameanza kwa kukubali kwamba anaumia, halafu yakahesabu dakika. Lazima tuseme hivyo wazi. Lakini nikubali hili, na nalimaanisha: mimi ninayesema haumii, samaki wangu nampiga kichwani mara moja anapotoka majini. Simwachi atapetape. Nikikosea mimi, anayelipa ni yeye.

#39 DktMifugo
UbongoTu, nimefurahi kusikia. Sheria nyingine zimefika hapo bila kusubiri mjadala uishe. Uingereza sheria ya 2022 inawatambua wanyama wote wenye uti wa mgongo, samaki wakiwemo, kama wenye hisia, na pweza na kaa wakaongezwa. Aprili 2024 wanasayansi na wanafalsafa walitia saini tamko New York: kwamba kwa wanyama wote wenye uti wa mgongo, samaki wakiwemo, uwezekano wa kuwa na ufahamu ni wa kweli. Hawakusema ni hakika.

#40 Kambare_Mkaidi
Swali la kazi, Dokta. Ndoana ikimezwa ndani kabisa, nivute au nikate mshipi?

#41 DktMifugo
Kama unamrudisha majini, kata mshipi karibu na mdomo. Waliokatiwa mshipi huwa wanapona zaidi kuliko waliochokonolewa koo. Ikiwa mdomoni, itoe, na itatoka kirahisi ukitumia ndoana iliyobanwa lile jino la ndani. Mikono iwe na maji, usimshike na kitambaa kikavu, utamtoa ute.

#42 Kambare_Mkaidi
Ahsante. MshipiMrefu, nilikuuliza #6 hukujibu. Ulimfanyaje?

#43 MshipiMrefu
Nilimtoa zote mbili. Mpya ilitoka haraka, ya zamani ilichukua muda kwa sababu nyama ilikuwa imeishika. Nikamrudisha.

Hakuondoka. Alikaa kwenye maji ya kina kifupi, hatua mbili kutoka miguuni kwangu, mashavu yanafunguka na kufunga. Mdomo ulikuwa umegusa mchanga na kichwa kikawa kinaenda kushoto na kulia taratibu. Wakati ule niliona ni mkondo unamsogeza, sikulitilia maanani. Nimelikumbuka niliposoma #5.

#44 MwalimuBayo
Mkondo ulikuwa na nguvu?

#45 MshipiMrefu
Maji yalikuwa yametulia. Lakini kulikuwa na upepo kidogo.

#46 UbongoTu
Upepo unatosha kwenye kina kifupi.

#47 TangiLaKioo
Mapezi alikuwa ameyabana?

#48 MshipiMrefu
Ndiyo.